Soya ya Ukweni

Nga! Nga! Nga! Fimbo ya mti wa mkahawa juu ya bati la banda la ng'ombe. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga bati, hata kama ni fundi tu anayepigilia misumari mtaa wa pili hapa Tukuyu, nageuka kutazama nani anakimbia. Kwa sababu nyumbani kwetu Masoko sauti ile ilikuwa na maana moja tu: Babu anapita, mkamwana ajifiche.

Mkamwana mwenyewe alikuwa mama yangu mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Mume wake alishafariki, lakini baba wa marehemu, yaani Babu, alikuwa bado yupo ng'ambo ya migomba yetu, mzee mwembamba wa koti la mvua la kijani lisilovuliwa hata jua likiwaka. Kwa Wanyakyusa wa rika lao mila haina mchezo. Mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Nimemwona Mama Mkubwa kwa macho yangu akiacha ndoo ya maziwa katikati ya njia na kuzama mgombani kama sungura, kisa amesikia bati.

Usidhani walichukiana. Wapi! Walipendana vibaya sana, ila mapenzi yao yalipita kwangu. Mimi nilikuwa simu yao. "Mwambie Babu yako maziwa ya leo ni mazito, asinywe yote kwa mkupuo." Nakimbia. "Mwambie mwenye ng'ombe nimesikia, na kikombe kimerudi kimeoshwa." Narudi mbio. Nilimaliza kidato cha nne bila cheti cha kujivunia, lakini kwa kazi hiyo ningepewa daraja la kwanza.

Halafu Mama Mkubwa akaota uvimbe kwenye titi.

Aliuficha, kama wanawake wengi wanavyoficha, mpaka siku nilipoona anakamua ng'ombe kwa mkono mmoja. Nikamvuta hospitali. Tukachukuliwa vipimo, tukarudi, tukaitwa tena, na daktari akatuambia taratibu kwamba ni saratani, haijaenda mbali, na akatupangia siku ya upasuaji Mbeya. Mama Mkubwa akaitikia, "Haya, asante," kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya.

Tulipotoka pale nilikuwa nataka kulia, lakini nikaona aibu kulia kabla ya mgonjwa. Tukakaa kwenye benchi la nje kungoja dawa za maumivu. Jirani na benchi kulikuwa na muuguzi anayefundisha akina mama habari za lishe. Alikuwa dada wa Tanga, amepangiwa kazi huku kwetu kwenye ukungu, amevaa masweta mawili na bado anatetemeka. Mbele yake juu ya meza alikuwa na vibakuli: karanga, maharage, dagaa, na soya. Soya zile zile za mviringo, rangi ya siagi, ambazo Babu huzipanda kati ya mahindi yake na kuzikaanga kwa ajili ya kinywaji chake cha asubuhi.

"Na hii soya," alisema yule dada kwa ile lafudhi yake ya kuimba, "msiione hivi. Ndani yake mna vitu vinaitwa isoflavoni. Wataalamu wanavichunguza kama vinaweza kusaidia kupambana na saratani."

Jamani! Niliruka kama nimekanyaga siafu. Nikamsogelea, nikamshika sweta. Nikamweleza ugonjwa wa Mama Mkubwa na safari ya Mbeya, nikamwambia arudie lile jina. Akarudia. I-so-fla-vo-ni. Nikalitafuna mdomoni mara nyingi lisije likanitoka.

"Kwa hiyo dada, soya inatibu saratani?"

"Hapana, mpenzi. Taratibu kwanza." Akanikalisha. Akasema isoflavoni zinafanana na homoni ya kike, kama ndugu wa mbali mnayefanana naye sura lakini hamfanani nguvu. Kwa kufanana huko zinaweza kuingia mlango ule ule wa chembe hai unaoingiwa na homoni. Akasema maabara, chembe za saratani zikiwekwa pamoja nazo kwenye kisahani, mara nyingine ukuaji wake unapungua. "Lakini binadamu si kisahani," akasema. "Watu bado wanatafuta. Haijawa dawa. Kama chakula anywe tu, ni kizuri, kina protini. Vile vidonge na unga wa makopo wanaouza mitaani asiguse bila kumuuliza daktari, maana kuna saratani za titi zinazopenda homoni. Na Mbeya aende. Umenisikia? Mbeya aende."

"Nimesikia, dada. Mbeya aende."

Nilisikia kweli. Lakini nisiseme uongo, kilichonijaa kichwani njia nzima ni lile neno lingine: bado wanatafuta. Hebu fikiria. Kuna watu mahali fulani duniani, wamevaa makoti meupe, wana mitambo inayong'aa, na wanachungulia ndani ya punje ambayo Babu yangu anaikaanga kwenye kikaango kilichopasuka mpini! Punje ambayo kuku wetu wameimeza miaka yote bila kuambiwa. Nilijiona nimesimama na mimi kwenye maabara hiyo, nimefunga nywele, nauliza swali zuri. Nilijiona nina kiwanda kidogo pale njiapanda, chupa zimepangwa, maziwa ya soya ya Rungwe. Pembeni ya Mama Mkubwa nilikuwa naongea peke yangu kama redio.

"Maziwa ya maharage," akasema mwishowe. "Maharage yana chuchu wapi?"

Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku ile.

Kesho yake nilikwenda kwa Babu kuomba soya. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda chake, anachagua mawe kwenye mahindi. Nikamweleza yote, isoflavoni, kisahani, ndugu wa mbali. Hakuuliza ugonjwa uko wapi kwenye mwili. Baba mkwe hawezi kuuliza hivyo. Akashangaa tu, "Mwe!" Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kimejaa.

"Mpelekee. Mwambie ni masiwa ya ukweni, hayakataliwi." Babu herufi ya zedi ilimshinda tangu utoto, kwake maziwa yalikuwa masiwa na zawadi ilikuwa sawadi.

Nikajifunza kutengeneza. Unaloweka punje mpaka zivimbe, unazifikicha kwenye maji ngozi zielee, unatwanga, unachemsha huku unakoroga bila kuondoka, maana yakifura yanazima moto na kukuachia aibu. Usipochemsha vizuri yananuka ubichi na tumbo litakusema. Kisha unachuja kwa kitambaa safi. Mara ya kwanza Mama Mkubwa alifanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na Mnyakyusa tu: aliyamimina kwenye kibuyu chake cha mtindi, akakitikisa, akakitundika juu jikoni yagande kama ya ng'ombe. Tulipofungua! Ng'ombe mwenyewe aligeuza shingo. Baada ya hapo tukakubaliana yanywewe ya moto, na tangawizi kidogo.

Akayapenda. Akawa anaamka, anauliza, "Masiwa ya mzee yako tayari?" akimwigiza Babu mle mle, kisha anaziba mdomo kwa aibu, kama vile Babu angeweza kumsikia. Uso ukajaa kidogo. Akaanza tena kuimba akikamua. Na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, ile furaha ya kuamka unafikiri leo kuna sikukuu gani.

Siku ya Mbeya ilipokaribia nikamfulia nguo, nikamkunjia kanga zake mbili nzuri. Akazitazama zile kanga. Akazirudisha sandukuni.

"Siendi."

"Huendi wapi, Mama?"

"Huko kwenye kisu. Dawa yangu ninayo. Kila siku nakunywa, nguvu zimerudi, unaona mwenyewe. Wewe ndiye uliyekuja kutoka hospitali unarukaruka kama ndama. Sasa nimeamini, unanikatalia?"

"Muuguzi alisema haijawa dawa! Alisema wanatafuta!"

"Basi na wanitafute mimi, watanikuta hapa nakunywa."

Nilibembeleza. Nilinuna. Nilimweleza habari ya kisahani mpaka nikatumia kisahani chenyewe cha chai kuonyeshea. Akakichukua, akakiosha, akakirudisha kabatini. Uvimbe ulikuwa pale pale, nilijua, kwa sababu bado alikuwa anakamua kwa mkono mmoja.

Soya zilikuwa zinaisha. Nikaenda kwa Babu na kikapu kitupu, na sijui kwa nini, nilipokiweka chini machozi yakaanza yenyewe. Babu akaacha mahindi.

"Anakwenda lini Mbeya?"

"Haendi, Babu. Anasema soya inamtosha."

Jogoo akaja akadonoa mahindi kwenye ungo, hakumfukuza. "Kumbe soya yangu ndiyo imemshika mguu," akasema. Akakichukua kile kikapu, akakiingiza ndani, akafunga mlango. Hakunipa hata punje.

Kesho yake asubuhi bati likalia. Nga! Nga! Nga! Lakini safari hii sauti haikupita. Mama Mkubwa alikuwa jikoni, akanyanyuka, akakuta hakuna pa kutokea: Babu alikuwa ameweka kigoda chake nje, karibu kabisa na ukuta wa jiko, mgongo ameuelekeza kwetu, uso ameuelekeza bandani. Nilichungulia dirishani. Akasafisha koo, akaanza kuongea na ng'ombe.

"Gwe ng'ombe. Nakwambia wewe, siongei na mtu. Soya yangu nimeifungia. Haitoki hata punje moja, mpaka mtu fulani aende Mbeya na arudi."

Ng'ombe akaendelea kutafuna majani ya migomba. Mama Mkubwa akaniangalia, macho yamemtoka. Kisha akamgeukia kuku aliyekuwa analalia mayai kwenye kona ya jiko.

"Wewe kuku," akasema kwa sauti ya kupita ukuta. "Kuna watu wanatoa zawadi halafu wananyang'anya. Uliwahi kuona?"

"Gwe ng'ombe, mwambie kuku sawadi ilikuwa chakula. Mtu akiigeusa kisingisio, mwenyewe anaichukua."

"Wewe kuku, huyo ng'ombe anajua kisu kinavyouma?"

"Ng'ombe anajua. Ng'ombe alikatwa hernia mwaka ule, akalia mpaka wauguzi wakamcheka. Lakini si yuko hapa anaongea?"

Nilibana pua nisicheke. Mama Mkubwa hakucheka. Alikaa chini kwenye kigogo cha kukalia, akaanza kukunja pindo la kanga, na sauti ikamshuka hata kuku asingesikia. Nikajua hiyo ni ya kwangu.

"Daraja la mtoni tulilopitia kwenda hospitali limechukuliwa na maji," akasema. "Njia ya kuzunguka haipo. Kwenda barabarani ni mpaka nikatize uani kwake, mbele ya mlango wake. Tangu niolewe sijakanyaga pale. Sasa nikapite na hii? Na ugonjwa wa sehemu hii? Mbele ya mkwe?"

Basi lilikuwa hilo! Kumbe hata kisu hakikuwa chote. Nilikuwa nimebishana na soya wakati wote, na soya haikuwa na kosa lolote.

Sikungoja. Nilitoka nje, nikasimama kati ya jiko na banda, nikamwambia ng'ombe. Niliona aibu, lakini ndiyo njia iliyokuwepo. "Ng'ombe, kuku anasema daraja halipo. Kuku anaona haya kupita uani."

Mgongo wa lile koti la kijani haukutikisika. Mvua nyepesi ilianza, ile ya kwetu isiyo na sauti. Kisha Babu akanyanyuka, akachukua kigoda chake kwapani.

"Mwambie kuku," akasema, na safari hii sauti ilikuwa laini, "uwanja hauna macho. Mwenye macho ni mimi, na ya kwangu nitayafunika."

Siku ya safari kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu cha mezani. Jirani yetu, mwanakwaya mwenzake Mama Mkubwa, alikubali kumsindikiza na kukaa naye Mbeya; mimi nilibaki na ng'ombe. Pikipiki ilikuwa inangoja barabarani pamoja naye, kuwapeleka mpaka kituo cha Tukuyu. Mama Mkubwa alivaa kanga zote mbili, moja juu ya nyingine, akajifunika mpaka nyusi. Nilikuwa mbele nimebeba mfuko wake. Tulipofika mwisho wa migomba akasimama. Nikahisi mkono wake umeshika blauzi yangu kwa nyuma.

Na pale uani, katikati ya manyunyu, Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda. Ameelekea ukuta wa nyumba, pua karibu iguse udongo. Juu ya kichwa amejifunika blanketi zito la kijivu, limemfunika mpaka miguuni, hata vidole havionekani. Mlango wake ameufunga. Dirisha ameliziba kwa gunia. Tangu nizaliwe nilizoea kuona mwanamke ndiye anayejificha. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamume mzee, mwenye uwanja wake, angejifunika kama mzigo ili mkamwana wake apite na heshima yake.

Mama Mkubwa alipita. Alipita polepole, ananyata, kama mtu anayekatiza kanisani sala ikiendelea. Alipofika nyuma ya kigoda akasimama. Nikaogopa atarudi. Badala yake akapiga magoti pale pale kwenye matope, pamoja na kanga zake nzuri, akainamisha kichwa kwa ule mgongo wa blanketi. Blanketi likakohoa kidogo. Akanyanyuka, akaenda zake, na sikumwona tena akigeuka mpaka pikipiki ilipowaka.

Niliporudi uani Babu alikuwa bado yumo ndani ya blanketi.

"Kuku wamepita?"

"Wamepita, Babu."

"Wote?"

"Wote. Fungua, utakosa hewa."

Akatoa kichwa, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, macho mekundu. Akasema ni vumbi la blanketi. Vumbi, kwenye mvua ya Rungwe! Nikamwacha na vumbi lake.

Siku za kungoja nilizimaliza kwa kazi na ndoto. Nilikamua, nilikata majani, niliwaza kiwanda changu. Nilikwenda hospitali pale Tukuyu kumpa yule dada wa Tanga chupa ya maziwa ya soya, maana Babu alikuwa amefungua mlango wa soya jioni ile ile ya safari, bila kungoja mtu arudi. Akayanywa amesimama, akasema yanapasha mwili kuliko sweta. Nikamuuliza kama mtu asiye na masomo makubwa anaweza kufanya kazi ya kutafuta hizo isoflavoni. Hakunicheka. Akasema kuna vyuo vya kilimo na vya maabara vyenye kozi fupi, na kwamba mtu lazima aanze kwa kupenda kitu, na mimi hapo tayari nimemaliza. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Simu ya kutoka Mbeya iliingia nikiwa bandani. Sauti ilikuwa nyembamba, imechoka, lakini ya kwake.

"Wewe mtoto, umempa ndama maji?"

"Mama! Umeshafanyiwa?"

"Wameshaitoa. Nina bandeji kama nimebeba mtoto. Daktari anasema nitaendelea na dawa, na kila nikiitwa niende. Nitakuwa naenda." Akapumua. "Nimemuuliza habari ya maziwa ya soya. Akasema niyanywe kama chakula, na dawa nimwachie yeye. Sasa mwambie..." Akasafisha koo. "Mwambie ng'ombe Jumamosi narudi. Na daraja je?"

"Bado halijajengwa, Mama."

"Haya," akasema, na nikasikia anacheka pole pole, kwa kuogopa nyuzi. "Haya basi."

Nililia, nilicheka, nilimbusu ng'ombe kwenye paji la uso, akanipangusa na mkia wake. Kisha nikaenda ng'ambo. Babu alikuwa shambani kwenye mahindi, namsikia kwa mbali anaongea na jembe lake. Sikumwita, habari ningempa akirudi, akiwa amekaa vizuri. Kigoda kilikuwa kimesogezwa jua lilipo, kinatazama njia. Nikakibeba, nikakirudisha palepale karibu na ukuta, nikakigeuza kielekee udongo. Blanketi lilikuwa kwenye uzio, limekauka. Nikalikung'uta vumbi lote, nikalikunja mara mbili, nikaliweka juu yake.